Biri ya kijani, ya kahawia au nyeusi? Tazama jani lilivyokaushwa kabla ya kununua

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, akifungua bani, yaani banda la kukaushia, na kukuta majani yametoka ya kijani, anajua mzigo huo umemharibikia. Jani la kijani ni jani lililowahiwa na moto kabla halijageuka njano, na likifika mbele ya mteuzi linashushwa daraja. Huko Honduras, Nicaragua na Ekuador wapo wakulima wanaolitafuta kosa hilohilo kwa makusudi. Jani likiwa bado bichi wanalipandishia moto, wanalitoa likiwa kavu na kijani kama lilivyoingia, kisha linafungwa juu ya biri na kuuzwa kama kitu cha pekee.

Biri hiyo huitwa candela, na wavutaji hawapatani juu yake hata kidogo. Wapo wanaosema ni sawa na kuwasha majani ya ng'ombe. Wapo wanaoingojea kila Machi, maana huo ndio mwezi ambao makampuni kadhaa ya Marekani hutoa matoleo ya kijani kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ya Waairishi ambayo rangi yake ni kijani. Mimi naegemea upande wa wanaoipenda, ila kwa masharti, nayo nitayataja. Ulinganisho huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anavuta biri mara mojamoja na amesimama mbele ya kabati la duka hajui achukue ipi: ya kijani, ya kahawia hafifu, au ile nyeusi inayong'aa mafuta.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichomo. Biri iliyofungwa kwa mkono ina sehemu tatu: majani ya ndani yanayoijaza, jani la kati linaloyashika, na jani moja zuri la nje. Rangi unayoiona ni ya hilo la nje peke yake. Ipasue candela na ndani utakuta tumbaku ya kahawia, iliyokaushwa na kuvundikwa kama ya biri nyingine zote. Wengi hulisahau hili, na nusu ya ubishi huanzia hapo.

Moto wa siku tatu, upepo wa miezi miwili

Mtu aliyewahi kukesha kwenye bani la tumbaku ya mvuke ataielewa candela upesi kuliko mvutaji mzoefu ambaye hajawahi kuona jani likikaushwa. Bani la mvuke lina hatua tatu. Mwanzoni joto huwekwa kwenye nyuzi 35 hadi 38 za selisiasi, unyevu ukiwa mwingi. Jani bado lina uhai wakati huo. Vimeng'enya vyake vinafanya kazi, klorofili inavunjika, wanga unageuka sukari, na rangi inahama kutoka kijani kwenda njano. Hapa mkulima hana haraka, na akiwa na haraka atajuta. Njano ikishatimia ndipo anapandisha moto kukausha bapa la jani, na mwisho anaupeleka hadi nyuzi 70 na ushei ili ule mshipa mnene wa katikati nao ukauke. Kazi yote ni wiki moja hivi.

Sasa tazama bani la candela. Moto unaanza karibu na nyuzi 38 zilezile, lakini haukai hapo. Unapandishwa mfululizo hadi karibu nyuzi 75, na kwa siku tatu hivi, au wiki kwa wakaushaji wasiopenda kulikimbiza jani, kila kitu kimekauka. Ukisoma kipimajoto, mwisho wa safari ni uleule wa Tabora. Kilichorukwa ni kule kungoja njano. Vimeng'enya vinauawa kabla havijamaliza kazi, klorofili inabaki, na sehemu kubwa ya wanga inabaki kuwa wanga. Baada ya hapo moto huzimwa na jani huachwa linyonye unyevu taratibu, kwa sababu likiguswa likiwa katika hali ile linasagika mkononi.

Nisieleweke vibaya. Tumbaku ya mvuke ya Tabora ni ya aina iitwayo Virginia, huishia kwenye sigara za pakiti, na hakuna anayeifungia biri. Ninachokilinganisha ni bani na bani.

Jani la kahawia hafifu linapita njia nyingine kabisa, njia ya hewa. Maarufu kuliko yote ni lile la bonde la mto Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako tangu mwaka 1900 wamekuwa wakilima tumbaku chini ya mahema ya kitambaa chepesi ili jua lisilikomaze jani. Jani la kivulini huwa jembamba, pana na lenye mishipa midogo. (Martin Luther King Jr. alikuwa kijana wa shule alipokwenda kufanya kibarua kwenye mashamba hayo, Simsbury, mwaka 1944, akarudi tena mwaka 1947.) Ekuador hawahitaji kitambaa: mawingu yao huwatosha. Kote huko majani hutungwa kwenye uzi, yakaning'inizwa ndani ya banda refu lenye madirisha ya kufungua na kufunga, na kazi ya mkulima ikabaki kuusikiliza upepo. Siku 45, siku 60, hali ya hewa ndiyo inayoamua. Jani linakuwa njano, kisha kahawia, likifa pole pole huku likimalizia mambo yake ya ndani.

Na hata hapo bado halivutiki. Linakwenda kuvundikwa. Majani hupangwa kwenye rundo kubwa linaloweza kufikia kimo cha mtu, na kwa uzito na unyevu wake lenyewe rundo hupata joto bila kuwashiwa moto wowote. Kipimajoto huchomekwa katikati. Joto likikaribia kikomo, rundo hupanguliwa na kupangwa upya, ya ndani yaende nje na ya nje yaende ndani. Ukiingia kwenye banda la kuvundikia utaijua kazi inavyokwenda kabla hujaonyeshwa, kwa sababu amonia inayotoka inachoma macho. Amonia hiyo ikishatoka, ukali unaokwaruza koo unapungua nayo.

Nyeusi, yaani maduro, ni mwendelezo wa hiyohiyo ila kwa jani nene zaidi. Jani jembamba la kivulini haliwezi kustahimili adhabu hiyo, basi hutumika lile pana la Connecticut linalolimwa juani na kukatwa na shina lake zima, au jani la bonde la San Andrés, Veracruz, Meksiko. Huvundikwa kwa joto la juu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, hadi rangi iwe ya kahawa iliyokaangwa sana.

Candela karibu haivundikwi. Ungeivundika, kijani kingeondoka.

Kama yote haya yamekuchanganya, fikiria majani ya chai. Chai ya Kericho au Rungwe inayojaa kwenye vikombe vyetu ni jani lililosagwa na kuachwa lipigwe na hewa hadi likawa jeusi, ndipo likakaushwa. Chai ya kijani hutoka kwenye mchai uleule, ila jani lake hupigwa joto mapema ili lisigeuke. Anayekunywa chai ya kijani akitafuta rangi na uzito wa chai ya rangi atasema haina ladha. Hukumu nyingi ninazozisikia juu ya candela ni za namna hiyo.

Ilikuwa ya kawaida, ikawa kioja

Kwa kijana wa leo candela ni kichekesho cha msimu. Babu yake, kama alikuwa Mmarekani, angemshangaa. Katika miaka ya 1950 na 1960 sehemu kubwa ya biri zilizovutwa Marekani zilikuwa za kijani, na mji wa Tampa, Florida, ulizifunga kwa wingi. Wafanyabiashara wa Kuba waliijua sana hamu hiyo ya Wamarekani. Jani la kijani waliliita AMS, yaani uteuzi wa soko la Marekani, na lile la kahawia wakaliita uteuzi wa soko la Uingereza. Februari 1962 Rais Kennedy akafunga mlango wa bidhaa za Kuba. Wafungaji wa Florida na kwingineko wakaendelea na kijani kwa majani ya nchi nyingine, lakini miaka ya 1970 wateja wakahamia kahawia, na candela ikabaki rafu ya chini.

Naona historia hii ina uzito kwa mchaguaji. Anayekuambia kijani ni mbinu mpya ya masoko hajui anachosema, na anayekuambia kijani ndiyo ilikuwa biri bora kuliko zote naye anazidisha. Bani la siku tatu lilikuwa na faida ya wazi kwa mwenye kiwanda: jani lilikuwa tayari upesi, halikukaa miezi kwenye rundo likila mtaji. Watu walizoea walichouziwa, kisha wakazoea kingine.

Mdomoni

Candela ikiwa imefungwa vizuri inaanza na utamu mwepesi, halafu nyasi zilizokatwa asubuhi, chai ya kijani, na pilipili nyeupe kidogo puani. Moshi wake hauna uzito na huacha mdomo mkavu. Hiyo ndiyo sababu ya sharti langu la kwanza: isivutwe baada ya pilau. Ivutwe mapema, tumbo likiwa na kitu chepesi, na maji au chai ya tangawizi pembeni. Sharti la pili ni mwendo. Ukiivuta kwa pupa jani linapata moto kupita kiasi na linageuka uchungu wa mboga iliyoungulia sufuriani, na hapo wanaosema ni nyasi wana haki yao yote. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha.

Ya kahawia hafifu haina vituko. Karanga, mkate uliookwa, maziwa, mbao ya mwerezi. Macanudo Café, yenye jani la kivulini la Connecticut, imewaingiza watu wengi kwenye biri kwa sababu haimkwazi mtu. Wengine huiita ya kuchosha. Sikubaliani nao sana, ila nakiri kwamba ukiivuta huku unazungumza utafika mwisho bila kukumbuka ilikuwa na ladha gani.

Maduro inajaza mdomo. Kakao, kahawa, sukari guru, wakati mwingine pilipili manga. Jani lake lina mafuta, linaungua polepole, na mara nyingine linaungua upande mmoja likaacha mwingine, ukalazimika kuliwekea kiberiti tena. Kikombe cha kahawa chungu, ile ya buli la shaba ya pwani, ndicho rafiki yake. Candela ukiiweka karibu na kahawa hiyo inapotea kabisa, usipoteze pesa.

Kwa mkono pia zinatofautiana. Jani la candela ni jembamba na halina mafuta, hivyo hupasuka kwa kisu butu au kwa vidole vinavyoibonyeza bonyeza kama embe la sokoni. Kata kidogo tu kichwani kwa kisu kikali.

Kati ya kijani na nyeusi zipo zenye mistari, majani mawili ya rangi tofauti yaliyozungushwa kama msokoto. Filthy Hooligan ya Alec Bradley ndiyo inayojulikana zaidi. Ni nzuri kuitazama. Kwa mtu anayetaka kujifunza candela ilivyo siishauri, kwa sababu ladha mbili zinapigana na hujui uisifu ipi. Ukitaka kijani kamili, Rocky Patel ana Edge Candela, na La Flor Dominicana wana Double Claro, ambayo ni jina jingine la rangi hiyohiyo. Hiyo ya pili ina nguvu kuliko inavyoonekana.

Mambo matatu yanayosemwa vibaya

"Imetiwa rangi." Hapana. Kijani kile ni klorofili ya jani lenyewe. La kuchekesha ni kwamba kishawishi cha kutia rangi kiko zaidi upande wa pili, kwenye nyeusi, kwa sababu maduro ya kweli inadai muda mrefu na wapo wafungaji wanaolipika au kulipaka jani ili lifike weusi kabla ya siku zake. Ukivuta biri nyeusi ikakuachia wino midomoni, umeshajua.

"Ni nyepesi, haina nikotini." Nguvu ya biri inatoka zaidi kwenye majani ya ndani. Jani la nje, liwe kijani au jeusi, ni sehemu ndogo ya uzito wake. Mfungaji akijaza ndani majani ya juu ya mche wa Nicaragua, candela yako itakuzungusha kichwa vilevile. Muuzaji mwaminifu atakuambia kilichomo ndani. Asiyejua, mwulize nchi ya majani ya ndani, na kama hajui hata hiyo nenda duka jingine.

Na la tatu, lenye hatari zaidi: kwamba kijani ni salama kwa sababu ni "ya asili" na haikuvundikwa. Ni kweli kwamba nitrosamini za tumbaku, mojawapo ya sumu zinazosababisha saratani, hujitengeneza kwa wingi wakati wa kukausha na kuvundika. Ila nimekwisha sema kwamba ndani ya candela kuna tumbaku iliyovundikwa, na juu ya hayo ukiwasha jani lolote linatoa lami na moshi wa sumu, rangi yoyote liwe nayo. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku nyingi kama pakiti nzima ya sigara. Moshi wake una ualkali, kwa hiyo nikotini hupenya kwenye utando wa mdomo hata usipoumeza, na saratani za mdomo, koo, umio na zoloto zinawafuata wavutaji wa biri. Asiyevuta asianzie kwenye kijani akidhani amepata mlango wa nyuma. Mwenye kuvuta azingatie sheria za alipo pia: Kenya ina sheria ya mwaka 2007 inayokataza kuvuta hadharani, na Uganda kwa sheria yake ya 2015 haimuuzii tumbaku aliye chini ya miaka 21.

Kuihifadhi Dar si kama kuihifadhi Nairobi

Biri hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Nairobi hewa ni ya baridi na mara nyingi kavu, hivyo shida yako ni kuongeza unyevu ndani ya boksi. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja shida ni kinyume: ukiacha biri kwenye kabati la kawaida msimu wa masika utaikuta na ukungu. Kuna na mdudu wa tumbaku, yule yule anayesumbua maghala. Mayai yake yanaweza kuwa ndani ya jani tangu shambani, na joto likizidi nyuzi 24 au 25 kwa muda anaanguliwa na kutoboa biri zako kama sindano. Kwa wa pwani, chombo kisichopitisha hewa, pakiti ya kurekebisha unyevu, na chumba chenye kiyoyozi. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wana kiyoyozi tele, nacho kinakausha kila kitu, basi wasidanganyike na joto la nje wakadhani unyevu upo.

Candela ndiyo inayoteseka upesi kuliko zote. Ikikauka inapasuka. Mwanga ukiipiga rangi inafifia ikawa ya majani makavu, kwa hiyo usiinunue iliyokaa kwenye kioo cha duka kinachotazama jua. Wala usiinunue kwa nia ya kuiweka miaka. Maduro na hata ile ya kahawia zinaweza kutulia zikawa nzuri zaidi ndani ya boksi, lakini nionavyo mimi candela inapoteza ule ubichi wake, na ubichi ukiondoka haijabaki na la kukupa.

Basi uchukue ipi

Kama unavuta mara chache kwa mwaka, kwenye harusi au mkutano, na hutaki kubahatisha, chukua ya kahawia hafifu. Umeshakula vizuri, usiku umeingia, kahawa ipo: maduro. Umechoka na zote mbili, una asubuhi ya Jumapili isiyo na haraka, na unapenda chai ya kijani au yerba mate, ile chai ya Amerika Kusini: candela, na kama chai ya kijani inakutia kichefuchefu usijilazimishe kwa sababu rafiki yako amekuambia utaizoea.

Anayetaka kujua kwa ulimi wake atafute 8-5-8 ya Arturo Fuente. Umbo ni moja, na hufungwa kwa jani la kahawia la Kameruni, kwa jani jeusi, na kwa jani la kijani. Nunua moja ya kila aina, uzivute kwa siku tofauti, saa ileile, kinywaji kilekile. Anza na ya kijani. Ukianza na nyeusi ulimi utakuwa umeshazoea uzito, na candela haitapata nafasi ya kusema lolote.